Nani Mkali wa Homrani? Namna ya Kubishana kwa Hesabu Barazani

Ubishi wa besiboli barazani huharibika mapema, hata kabla mwenye dele hajazungusha kahawa mara ya pili. Mmoja anasema Barry Bonds, ana homrani 762. Wa pili anasema huyo wa dawa za kuongeza nguvu, mtu ni Hank Aaron, 755. Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye mkubwa wao, anawaambia hao wote watoto, baba yao ni Babe Ruth, 714. Hapo sauti hupanda, mkono unapigwa kwenye saruji ya baraza, na swali halijibiwi kwa sababu halikuulizwa. Kila mmoja alikuwa akijibu la kwake.

Vifaa ni vichache: karatasi, kalamu, simu yenye kikokotoo, na mtu mmoja ambaye wote wanamkubali kuwa refa. Refa asiwe na mchezaji wake. Akiwa naye, mpeni kazi ya kuhesabu na mtafute mwingine wa kuamua.

Kwa asiyeujua mchezo

Aliyewahi kutazama kriketi katika uwanja wa Mombasa Sports Club ana mwanzo mzuri. Homrani ni ndugu wa ile sita: mpira unavuka mpaka hewani, mpigaji anazunguka besi zote nne kwa raha zake, mzunguko uleule wa raunda za shule ya msingi. Zipo chache ambazo mpira haukutoka nje, mpigaji alikimbia tu akawahi. Hizo nazo huhesabiwa sawa.

Ugumu wake uelewe kwa vipimo. Ukuta uko kama mita 100 pembeni na kama mita 120 katikati. Kiwanja cha kandanda, goli hadi goli, ni kama mita 105. Basi simama kwenye goli moja na gongo la mviringo, mrushaji awe mita 18 na nusu mbele yako, akurushie mpira kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa, nawe uupeleke hewani upite goli la pili. Hadi mwisho wa msimu wa 2025, waliofanya hivyo mara 60 au zaidi kwa msimu mmoja katika Ligi Kuu ya Marekani ni watu 7 tu: Babe Ruth, Roger Maris, Mark McGwire, Sammy Sosa, Barry Bonds, Aaron Judge na Cal Raleigh.

Swali kwanza, jina baadaye

Kabla ya jina lolote kutajwa, refa aulize tunabishania nini. Nani ana nyingi? Hilo halina ubishi, ni la kufungua kitabu: Bonds, 762 kwa maisha yake yote ya mchezo na 73 kwa msimu mmoja, 2001. Nani alikuwa hatari zaidi kila akishika gongo? Hilo ni la kugawanya. Nani aliwazidi wenzake wa wakati wake? Hilo linataka namba za ligi nzima. Na nani alikuwa mpigaji bora kwa jumla ni swali jingine kabisa, maana kuna wapigaji wakubwa ambao homrani hazikuwa kazi yao.

Unapobishana na mtu mzima, usimwambie kakosea. Mwombe achague swali:

“Ruth ndiye mkali. Hakuna wa kumfikia.”

“Ami, kwa idhini yako, mkali kwa wingi, au mkali kwa kuwazidi wenzake?”

“Kuwazidi wenzake.”

“Basi wewe na huyu hamgombani. Yeye alikuwa anahesabu wingi.”

Nusu ya mabishano huishia hapo. Nusu ya pili ndiyo tamu, na ndiyo inayohitaji karatasi.

Gawanya, lakini angalia unagawanya kwa nini

Kila mpigaji anaposimama na gongo, hiyo ni zamu. Lakini vitabu vina hesabu mbili. Ya kwanza ni zamu zote, hata zile ambazo mrushaji alikataa kumpa mpira wa kupiga akaishia kupewa besi ya bure. Ya pili ni zamu za kupiga, ambazo besi za bure zimetolewa, pamoja na mara alizogongwa na mpira na mara alizojitoa mhanga ili mwenzake asogee. Ukichanganya hizi mbili katika ubishi mmoja, umepotea.

Chukua zamu za kupiga ugawanye kwa homrani. Jibu likiwa dogo, mpigaji ni hatari zaidi.

McGwire: 6,187 kwa 583, ni 10.6
Ruth: 8,399 kwa 714, ni 11.8
Bonds: 9,847 kwa 762, ni 12.9
Aaron: 12,364 kwa 755, ni 16.4

McGwire yuko juu, na bado hutamsikia mtu mwenye akili timamu akimwita mpigaji bora wa nyakati zote. Kipimo hiki kinaonyesha nguvu ya gongo peke yake. Hakijui kama mtu alicheza miaka 16 au 23, wala hakijui alifanya nini zamu ambazo mpira haukuvuka ukuta.

Aaron ndiye anayedhulumiwa zaidi hapa, na inafaa kumtetea kwa namba badala ya huruma. Hakuwahi kufika 50 kwa msimu. Kilele chake ni 47, mwaka 1971, na mara nne alimaliza na 44, ambayo kwa bahati ndiyo namba iliyokuwa mgongoni mwake. Ila kuanzia 1955 hadi 1974, misimu 20 mfululizo, hakushuka chini ya 20. Halafu toa homrani zake zote 755 katika mapigo yake 3,771, yaani mara zote alizopiga mpira akafika besi salama: anabaki na 3,016, na 3,000 ndiyo idadi ambayo wapigaji wengi wakubwa hawakuifikia na homrani zao zikiwemo. Namba hiyo huwanyamazisha wengi, kwa hiyo usiitoe mapema. Mwache mwenzio kwanza aseme kwamba Aaron alikuwa wa kudonoa tu.

Besi za bure ndizo zinazomfanya Bonds awe mgumu kumpima. Alipewa 2,558, na kati ya hizo 688 alipewa kwa makusudi, yaani mrushaji aliona afadhali ampe besi kuliko kumrushia. Mwaka 2004 peke yake alipewa 232, za makusudi zikiwa 120. Mwaka huo alipiga homrani 45 katika zamu za kupiga 373, ambayo ni moja kila 8.3. Ukigawanya zamu zote 617, inakuwa moja kila 13.7. Mtu yuleyule, msimu uleule. Ndiyo maana ukisikia mtu anataja wastani, muulize kagawanya nini.

Zoezi: Ruth wa 1927 na Maris wa 1961

Ukitaka kujifunza ubishi huu kwa mfano mmoja, chukua huu. Ruth alipiga 60 mwaka 1927, kila timu ikicheza mechi 154. Mwaka 1961 ligi ya American, moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu (ya pili ni National), iliongeza timu kutoka 8 hadi 10 na mechi zikawa 162. Roger Maris, wa timu ya Yankees ya New York kama Ruth, akapiga ya 61 siku ya mwisho ya msimu, Oktoba 1. Kamishna wa besiboli, Ford Frick, ambaye enzi za uandishi wake wa magazeti aliwahi kuandika makala kwa jina la Ruth, alikwisha kutangaza mapema kwamba rekodi ikivunjwa baada ya mechi ya 154 itaandikwa mbali. Baada ya mechi 154 Maris alikuwa na 59.

Watu husema rekodi yake iliwekewa kinyota, alama ya kuitilia shaka. Haikuwekewa. Ziliandikwa rekodi mbili, mstari mmoja wa mechi 154 na mwingine wa 162, hadi kamati ya ligi ilipoziunganisha mwaka 1991. Maris alikufa 1985, kwa hiyo hakuliona hilo.

Sasa kaa na karatasi. Ruth alicheza mechi 151, Maris 161. Tofauti ni mechi 10, na hapo ndipo wengi husimama wakadhani wamemaliza. Endelea mpaka zamu. Ruth alipata zamu zote 691, Maris 698. Mechi 10 zaidi zimemletea Maris zamu 7 tu! Sababu ni kwamba Yankees ya 1927 ilikuwa inapiga mno, na timu inayopiga mno huzungusha orodha yake haraka, kila mtu akarudi kwenye gongo mapema.

Gawanya. Kwa zamu zote, Ruth ni homrani moja kila 11.52 na Maris moja kila 11.44. Maris anashinda kwa chupuchupu. Kwa zamu za kupiga, Ruth ana 540 na Maris 590, kwa sababu Ruth alipewa besi za bure 137 na Maris 94. Hapo Ruth ni moja kila 9.0, Maris moja kila 9.7. Ruth anashinda, tena wazi.

Atakayechagua kigawanyo ndiye atakayeshinda, kwa hiyo kigawanyo kichaguliwe na refa kabla ya majibu kujulikana. Sisi tungechagua zamu zote kwa rekodi ya msimu, maana kuvumilia mpaka upewe besi ya bure ni sehemu ya zamu yako. Lakini anayetaka zamu za kupiga ana hoja nzito katika kesi hii: nyuma ya Maris alipiga Mickey Mantle, aliyemaliza na 54 mwaka huohuo, na warushaji hawakuthubutu kumpa Maris besi wakutane na Mantle. Mwaka mzima wa 1961 Maris hakupewa hata besi moja ya bure ya makusudi.

Ikiwa unataka kumpunguza Maris, achana na mechi 162. Shika timu mbili mpya. Timu mpya maana yake ni warushaji kadhaa ambao mwaka uliotangulia walikuwa ligi za chini. Na ikiwa uko upande wa Maris, jibu lako ni kwamba Ruth hakuwahi kumkabili mrushaji mweusi hata mmoja katika ligi yake. Wachezaji weusi walikuwa wamefungiwa nje, na mlango huo ulifunguliwa na Jackie Robinson Aprili 1947, na Ruth aliacha kucheza 1935.

Mpime mtu na mwaka wake

Hiki ndicho kipimo tunachokiamini kuliko vingine, na ndicho kinachorukwa zaidi kwa sababu kinataka namba mbili badala ya moja.

Mwaka 1920 Ruth alipiga 54. Ligi yake nzima, timu 8, ilipiga 369. Yaani kila homrani 7, moja na ushei ilikuwa yake. Aliyemfuata, George Sisler, alikuwa na 19. Hakuna timu nyingine ya ligi hiyo iliyofikisha 54, timu nzima pamoja na wachezaji wake wote.

Mwaka 2001 Bonds alipiga 73, na ligi yake ya National ikapiga 2,952. Hiyo ni sehemu ndogo mno ukilinganisha na ya Ruth, lakini usikimbilie kufunga hesabu. Ligi ya Bonds ilikuwa na timu 16, mara mbili ya ile ya Ruth. Sawazisha kwa wastani wa timu:

1920: 369 kwa timu 8 ni 46. Ruth, 54, anazidi timu ya kawaida.
2001: 2,952 kwa timu 16 ni 184 na nusu. Bonds, 73, ni asilimia 40 ya timu ya kawaida.

Ili Bonds awe juu ya mwaka wake kama Ruth alivyokuwa juu ya wake, angehitaji kupiga kama 216. Hapo mwenye Ruth husimama akapeana mikono na baraza zima.

Mkalishe. Kipimo hiki kina kasoro yake, na mwenye kukitumia lazima aitaje mwenyewe. Mwaka 1920 wapigaji wengi hawakuwa wakitafuta homrani. Walifundishwa kugonga mpira chini, kukimbia, kuiba besi. Ruth alikuwa wa kwanza kuzungusha gongo kwa nguvu zote kila zamu na kuona kwamba inalipa. Alikuwa kama mtu wa kwanza kufunga mashine kwenye mashua siku ya mashindano ya ngalawa za tanga. Ushindi ni wake na ubunifu ni wake, lakini umbali aliowaacha wenzake hauonyeshi misuli peke yake. Kwa sababu hiyo 1927 ni mwaka mzuri zaidi wa kumtetea kuliko 1920: wenzake walikwisha kuona siri, na bado 60 zake zilikuwa katika ligi iliyopiga 439. Lou Gehrig alikuwa na 47, na wa tatu, Tony Lazzeri, alikuwa na 18.

Njia fupi, kama hakuna muda wa hesabu ya ligi, ni kutazama wa pili. McGwire alipopiga 70 mwaka 1998, Sosa alikuwa na 66. Bonds alipopiga 73, Sosa alikuwa na 64. Judge alipopiga 62 mwaka 2022, wa pili katika Ligi Kuu nzima alikuwa Kyle Schwarber na 46, na ndani ya ligi yake mwenyewe wa pili alikuwa Mike Trout na 40. Kwa mizani hiyo, na hapa tunajua tutawaudhi watu, 62 za Judge ni kazi kubwa kuliko 70 za McGwire.

Kwa kulinganisha mpigaji mzima, siyo homrani tu, kuna kipimo kinachoandikwa OPS+. Huchukua uwezo wa kufika besi na nguvu ya mapigo, kisha humlinganisha mtu na wastani wa ligi ya mwaka wake na viwanja alivyochezea. Mchezaji wa kawaida ni 100. Ruth ni 206, Ted Williams kama 190, Bonds 182, McGwire 163, Aaron 155. Namba hii inafaa kuwa ya mwisho kutolewa, maana ikitoka mwanzo hakuna atakayetaka kuhesabu kitu tena.

Uwanja na mpira

Kila uwanja wa besiboli una umbo lake, na hapo ndipo huzaliwa uvumi. Uwanja wa kale wa Yankees, uliofunguliwa 1923, ulikuwa na ukuta wa kulia karibu sana, kama mita 90, na Ruth alipiga kwa kushoto, upande ambao mipira huelekea kulia. Mtu akisema alibebwa na ukuta, mjibu kwa mgawanyo wa nyumbani na ugenini. Mwaka 1927: nyumbani 28, ugenini 32. Maisha yote: nyumbani 347, ugenini 367. Maris naye mwaka 1961 alipiga 30 nyumbani na 31 ugenini. Hoja ya ukuta imekufa kwa wote wawili. Kwa Bonds ni 379 na 383, kwa Aaron 385 na 370, hakuna la kushika.

Mahali ambapo uwanja kweli unasema ni Denver, ulioko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Hewa nyepesi haiukwamishi sana mpira, nao husafiri mbali. Tangu 2002 huko wanahifadhi mipira katika chumba chenye unyevu ili isikauke ikawa miepesi na yenye kuruka. Pwani yetu hii isingehitaji chumba hicho.

Jambo moja la kanuni, kwa wapenzi wa kriketi hasa: hadi karibu 1930, mpira uliodunda ndani kisha ukavuka ukuta ulihesabiwa homrani. Yaani nne zilikuwa zikiandikwa sita. Leo hupewa besi mbili tu. Jua pia kwamba mwaka 1969 kilima anachosimama mrushaji kilishushwa kutoka inchi 15 hadi 10, baada ya wapigaji kuteseka mno 1968. Aaron alipiga sehemu kubwa ya homrani zake kabla ya kushushwa huko.

Dawa

Hapa ndipo urafiki huvunjika, kwa hiyo kubalianeni kanuni kabla ya kutaja jina. Mkikubali kwamba kitabu ni kitabu, basi Bonds ni 762 na 73, mjadala ufungwe, na asilete mtu manung'uniko katikati. Mkikubali kuwatenga watu, semeni ushahidi wa aina gani unatosha: kukiri mwenyewe, kupimwa akakutwa nazo, au uvumi. Tukiri kwamba mabaraza mengi hutumia uvumi na kuuita ushahidi.

Yaliyo wazi ni haya. McGwire alikiri mwenyewe Januari 2010. Bonds amekana kutumia kwa kujua. Mwaka 2011 alitiwa hatiani kwa kosa la kuzuia haki kutendeka, siyo kwa kutumia dawa, na hukumu hiyo ikafutwa 2015. Vipimo vya ligi vilianza 2003 bila majina kutolewa, na kufungiwa mechi kulianza 2005. Waandishi waliompigia Bonds kura ya kuingia Ukumbi wa Heshima kwa miaka 10 hawakufika asilimia 75 inayotakiwa, na muda wao uliisha 2022 akiwa na 66.

Kosa la kuepuka ni kupunguza kwa kubuni. “Mtolee 150, atabaki na 612.” Hizo 150 zimetoka wapi? Hakuna anayejua dawa iliongeza homrani ngapi, na warushaji wa wakati ule nao baadhi walitumia. Anayetaka kuwa mwangalifu atumie mpaka wa mwaka: hadi mwisho wa 1998 Bonds alikuwa na 411, na hajawahi kuzidi 46 kwa msimu. Msimu wa 2000 alipiga 49, uliofuata 73, akitimiza miaka 36 na 37 katika misimu hiyo. Weka namba hizo mezani na mwache kila mtu aone mwenyewe.

Miaka iliyopotea

Ted Williams alimaliza na 521, na mashabiki wake husema vita vilimnyima rekodi. Usikatae wala usikubali; jaza pengo. Chukua msimu wa kabla na wa baada, tafuta wastani, zidisha kwa miaka aliyokosa.

Alikosa 1943, 1944 na 1945. Kabla yake alipiga 36, baada yake 38. Wastani 37, mara tatu ni 111. Kisha vita vya Korea vikala sehemu kubwa ya 1952 na 1953. Kabla alipiga 30, baada 29, kwa hiyo mpe 30 kila mwaka, jumla 60, toa 14 alizopiga kweli katika mechi chache za miaka hiyo, zinabaki 46. Jumla: 521 na 111 na 46 ni 678. Hata ukimjazia kwa ukarimu hamfikii Ruth.

Ukimjazia Williams, haki inakutaka umjazie na Ruth, ambaye miaka yake ya mwanzo pale Boston alikuwa mrushaji na hakushika gongo kila siku. Na Willie Mays, mwenye 660, aliyekuwa jeshini sehemu kubwa ya 1952 na 1953 yote.

Makosa yanayorudiwa kila jioni

Kuchanganya homrani za mechi za fainali na za msimu. Ruth ana 15 za fainali za World Series ambazo hazimo katika 714, na mtu akikuletea 729, ndipo zilipotoka. Kusema Judge ana rekodi ya msimu: 62 ni rekodi ya ligi ya American, rekodi ya Ligi Kuu nzima ni 73. Kutaja jumla ya mchezaji anayecheza bado bila kusema hadi lini. Mechi ya jioni ya New York huanza saa nane usiku kwa saa za Mombasa, kwa hiyo namba uliyolala nayo si lazima uamke nayo. Sema “hadi mwisho wa msimu fulani” na uko salama.

Gibson na Oh

Atatokea mtu aseme bingwa ni Josh Gibson, 800. Kibao chake katika Ukumbi wa Heshima kinasema karibu 800, lakini kisome hadi mwisho: ni pamoja na mechi za nje ya ligi. Aliyebishana kuhusu mabao zaidi ya 1,000 ya Pelé anajua tatizo hili kwa moyo, mechi za kirafiki zinaingia au haziingii? Ligi za Weusi, alikocheza Gibson kwa sababu Ligi Kuu iliwafungia nje weusi, zilicheza mechi chache rasmi kwa msimu, zilizobaki zikawa za kuzunguka miji kutafuta riziki. Kwa hiyo usimpime Gibson kwa jumla. Mpime kwa wastani: takwimu za ligi hizo zilipounganishwa na za Ligi Kuu mwaka 2024, wastani wake wa mapigo (mapigo kugawanywa kwa zamu za kupiga), .372, ulipanda juu ya .367 wa Ty Cobb, aliyekuwa akiongoza kabla. Alikufa Januari 1947, miezi mitatu kabla ya mlango kufunguliwa.

Mwingine atasema Sadaharu Oh, 868, na yuko sahihi: ndiyo nyingi kuliko zote katika ligi ya kulipwa, alizipiga Japani kati ya 1959 na 1980. Wanaompinga husema viwanja vilikuwa vidogo. Wanaomtetea husema misimu ilikuwa mifupi, kama mechi 130 hadi 140. Yote mawili ni kweli na hayafutani sawasawa, kwa hiyo mwandike kwenye orodha yake mwenyewe. Refa akilazimishwa kutoa mfano wa ana kwa ana, upo wa Novemba 2, 1974, Tokyo, Aaron na Oh wakishindana kupiga homrani mbele ya umati. Aaron 10, Oh 9.